Watamu: Bahari inapomchagulia nahodha pa kusimama

Ukipanda matatu Malindi ukielekea Mombasa, hujatulia vyema kitini utingo ataita, "Gede, Gede!" Hapo ndipo wanaokwenda Watamu huteremka, wakafuata njia ya kushoto inayoelekea baharini, mwendo wa kilomita sita hivi kwa tuktuk au bodaboda. Wageni wengi huja huku kwa ajili ya magofu ya mji wa kale wa Gede, au kasa, au mchanga mweupe ambao umeipa Watamu sifa hadi Italia. Hayo yamekwisha kuandikwa sana. Leo, msomaji, nakuomba tuyapite, tushuke moja kwa moja hadi ufuoni tukatazame boti za uvuvi. Na si boti nzima, bali mahali pamoja tu: pale anaposimama mshika usukani, na kioo kilicho mbele ya uso wake.

Kwa mtu wa bara jambo hili huenda likaonekana dogo. Gari huja na usukani na kioo mahali pake, na hakuna anayemwuliza dereva angependa kukaa wapi. Boti si hivyo. Anayeundiwa boti ya uvuvi huulizwa na fundi: usukani uwe katikati, ubavuni au mbele? Kioo kiwe kirefu, kifupi au kisiwepo kabisa? Akijibu vibaya, ataishi na jibu lake kila alfajiri kwa miaka mingi.

Ili kuelewa sababu, lazima kwanza uelewe bahari ya hapa. Watamu imekingwa na mwamba wa matumbawe unaofuata ufuo. Kati ya mwamba na mchanga mna maji matulivu ambayo watoto huogelea bila wasiwasi. Tangu mwaka wa 1968 sehemu ya maji hayo imekuwa mbuga ya taifa ya baharini, na ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua. Mvuvi anayetaka nguru, jodari au kolekole wakubwa hana budi kutoka nje ya mwamba, na hawezi kutokea popote apendapo. Hupitia mlangoni, yaani pale mwamba ulipokatika.

Kusini mwa mji kuna hori la Mida, lililozungukwa na mikoko. Maji yote ya hori hilo hujaa na kupwa kupitia kinywa kimoja. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji makuu na maji madogo katika pwani ya Kenya huweza kukaribia mita nne, kwa hivyo unaweza kukisia kasi ya maji yanayotoka Mida yanapoanza kupwa. Sasa ongeza kusi, ule upepo uvumao kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Mawimbi ya kusi yanaingia, maji ya Mida yanatoka. Yakikutana, mawimbi hufupika, husimama wima kama ukuta na kuvunjika. Nahodha anayerudi saa kama hiyo hulazimika kuangalia wimbi linalomfuata nyuma, mwamba ulio ubavuni, na rangi ya maji yaliyo mbele yake, yote kwa dakika ile ile.

Rangi ya maji ndiyo ramani yake. Buluu iliyokolea ni kina kirefu. Kijani kilichopauka ni mchanga. Hudhurungi au manjano iliyochafuka ni mwamba, na hapo hapana njia. Jua likiwa juu au mgongoni rangi hizo husomeka kama gazeti. Likiwa usoni, maji yote hung'aa kama bati jipya na usione kitu. Bahati mbaya ni kwamba mvuvi wa Watamu hutoka asubuhi akielekea mashariki jua linapochomoza, na akichelewa kurudi, huelekea magharibi jua likitua. Mara zote mbili linampiga machoni. Weka mbele yake kioo kilichoganda chumvi na umemfunga kitambaa.

Mababu walilitatua tatizo hili bila kioo. Katika jahazi na mashua, nahodha hukaa tezi, yaani nyuma, ameshika kana ya usukani, na chombo chote kiko mbele ya macho yake. Kwenye miamba, baharia mmoja husimama omo, yaani mbele, na kupaza sauti: kushoto, kulia, polepole. Nahodha humsikia. Pia husikia ngurumo ya mawimbi yanayovunjika mwambani, na huhisi shingoni upepo unapobadilika. Hizo nazo ni habari, na wanaosifu vibanda vilivyofungwa hawazitaji.

Basi nilipofika ufuoni nilikuta maji yamekupwa na vyombo vimelala ubavu mchangani: mitumbwi iliyochongwa kwa mwembe, mashua za tanga, na kando yake boti za faiba. Chini ya mkungu walikuwa wameketi wavuvi wa kikundi kimoja, na mbele yao boti mpya ya faiba ya futi 26, tupu kama sahani. Mwili wake ulikuwa umekamilika. Kilichobaki ni ile meza ya usukani, ambayo mafundi huiita konsoli. Ni kama kabati jembamba linalofika kiunoni, lenye usukani, wenzo wa kuongeza na kupunguza moto wa mashine, swichi na dira, na ndani yake betri. Fundi alitaka jibu kufikia Ijumaa. Nyaya za usukani hununuliwa kwa kipimo. Ukishatoboa sakafu na kuzilaza, kuihamisha konsoli ni kununua upya. Na pesa za boti ile zilikuwa zimekatwa kidogo kidogo kutoka kwa samaki wa kila mmoja wao.

Maoni yalikuwa matatu, na kila upande ulikuwa na hoja.

Vijana walitaka konsoli mbele, iliyofunikwa kibanda chenye kioo kirefu na paa. Hoja yao haikuwa ya uvivu. Mtambo wa kuonyesha njia kwa setilaiti, ule wa kupima kina, na simu, vyote haviwezani na chumvi. Isitoshe, msimu wa wageni boti huweza kuwapeleka watalii kutazama pomboo, na mtalii hulipia kivuli. Kijana mmoja alisema, "Wazee wetu, siku hizi bahari peke yake hailishi. Lazima chombo kifanye kazi mbili."

Wengine walitaka konsoli ubavuni, upande wa kulia, ili katikati pabaki wazi kwa nyavu na masanduku ya barafu. Nafasi huwa kubwa kweli. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa akitengeneza wavu huku akisikiliza, aliuliza swali moja: "Kusi likivuma mkitoka, hutoka upande gani?" Walicheka, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Ukitoka Watamu ukielekea mashariki, kusi hukujia kulia. Mshika usukani aliye kulia atapigwa na kila rasharasha kuanzia Aprili hadi Septemba, na uzito wake na wa konsoli utalaza boti upande ule ule wa mawimbi. Kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba hadi Machi, ingempa afueni, lakini kaskazi ndiyo msimu wa bahari nzuri. Raha ingekuja wakati haihitajiki.

Mzee yule mwenyewe alitaka kana tu, kama zamani, mtu akae nyuma kabisa ashike mkono wa mashine. Vijana nao walimjibu kwa adabu: "Mzee, kwa mashine ndogo sawa. Hii ni ya nguvu za farasi 40. Saa nne za kushika mkono huo, bega halina kazi tena." Na kweli, anayekaa kando ya mashine huziba masikio kwa mngurumo, hata akiitwa kutoka omo hasikii.

Mimi si baharia, lakini nimepanda vyombo vya kutosha kujua kwamba boti ni kinyume cha matatu. Kwenye matatu, anayerushwa ni wa kiti cha nyuma. Kwenye boti inayokwenda kasi, mbele ndiko kunakopaa na kutua kwa kishindo, na utulivu huanza ukirudi nyuma ya katikati. Kumweka mshika usukani mbele ni kumpa magoti ya kuuma na mtambo wa kuchezacheza. Tena humweka mbali na wenzake wanaovuta nyavu nyuma, asiwaone bila kugeuza shingo. Mtu akianguka majini, au wavu ukikaribia panka la mashine, ni nani atakayejua kwanza?

Mtu anaweza kuniuliza: mbona zile boti kubwa nyeupe za uvuvi wa burudani, zilizotia nanga pale ng'ambo, zina vibanda na vioo mbele? Zina sababu zake. Zile hubeba wageni wanaolipa, huendeshwa na mashine za dizeli zilizo ndani, na hukokota chambo nyuma siku nzima zikitafuta sulisuli na nduaro. Na ukizitazama vizuri, nyingi zina usukani mwingine juu ya kibanda. Hesabu yake ni nyepesi. Macho yakiwa mita moja juu ya maji, upeo wa bahari uko kama kilomita tatu u nusu. Ukisimama, macho yakafika mita mbili, ni kilomita tano. Ukipanda hadi mita nne, ni kilomita saba. Kutoka huko juu nahodha huona ndege wanaozunguka juu ya kundi la samaki, na huona pia kamba za nyuma. Lakini usukani wa juu hutaka boti pana na nzito. Ukiuweka kwenye boti ya futi 26 iliyo nyembamba, utapata chombo kinachobembea kama mnazi.

Paa na kioo kirefu vina ubaya huo huo, ila kwa kiasi. Ni uzito ulio juu, na ni tanga ambalo huwezi kulikunja. Kusi halibagui tanga la kitambaa na la plastiki.

Kuhusu kioo chenyewe, nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia: urefu mbaya kuliko wote ni ule wa kati. Ukingo wa kioo ukija sawa na macho, mshika usukani huona mstari mahali ambapo angeona wimbi, na siku nzima huinama na kuinuka kama kuku anayekunywa maji. Kioo ama kipite kichwa kabisa, mtu aangalie ndani yake, ama kiishie chini ya kidevu, aangalie juu yake. Kikiwa kirefu, lazima kiwe kioo kigumu kama cha gari, kwa sababu hicho ndicho kinachovumilia kifutio cha maji. Akriliki huonyesha vizuri lakini hupasuka. Polikaboneti haipasuki kwa urahisi, ila huchubuka, na jua la hapa huifanya iwe na ukungu. Zote mbili hazitaki kufutwa zikiwa kavu, kwa kuwa chumvi na mchanga ni msasa. Humwagiwa maji ya mtungi kwanza. Na maji ya mtungi, kwa mvuvi, ni ya kunywa.

Kwa maoni yangu, basi, kwa boti ya kazi ya mahali kama Watamu, konsoli ikae katikati ya upana, nyuma kidogo ya nusu ya urefu, na pande zote mbili pabaki njia ya mtu kupita na wavu mkononi. Mshika usukani asimame. Kioo kiwe kifupi, cha kukinga dira, mitambo na kifua dhidi ya rasharasha, na macho yabaki huru. Kamba ya kuzima mashine ifungwe mkononi mwake, ili akirushwa majini boti isimzunguke. Ni kweli kwamba atalowa. Wavuvi wa hapa wamelowa tangu zamani, na koti la mvua ni rahisi kuliko boti.

Sikusema hayo kwa sauti, kwa vile mgeni hafundishi wenyeji. Wala haikuhitajika. Fundi, ambaye muda wote alikuwa kimya, alichukua sanduku la samaki akaliweka ndani ya boti nyuma kidogo ya katikati, akasimamisha kipande cha ubao juu yake, akasema, "Panda mmoja mmoja." Wakapanda, kila mshika usukani kwa zamu, wakishika usukani wa hewa na kutazama mwambani. Fundi aliweka alama ya chaki kidevuni pa kila mmoja. Mrefu na mfupi walipishana kama shibiri moja, kukawa na utani mwingi, hadi ikaamuliwa kioo kifuate kidevu cha mfupi, kwa kuwa kinachomfaa yeye hakimzibi mrefu.

Yule mzee wa kana alipanda wa mwisho. Alisimama pale muda mrefu kuliko wote, akageuka nyuma kutazama mahali mashine itakapokaa, akageuka mbele, kisha akasogeza sanduku kwa mguu, nusu hatua kuelekea nyuma. Hakuna aliyempinga. Fundi akachora mstari pale.

Suala la paa halikuisha. Vijana walipendekeza turubai la kukunja, lenye vyuma vinavyochomolewa, lifungwe siku za watalii na kuachwa nyumbani siku za uvuvi. Mweka hazina aliuliza ni shilingi ngapi, na maji yakaanza kujaa kabla hajajibiwa.