Pumzi ya Injini

Watu wengi hudhani ya kuwa chakula cha injini ni petroli peke yake. Petroli hununuliwa kwa fedha, na kitu kilichonunuliwa hakisahauliki upesi. Hewa haina bei wala mizani, basi ni nadra mtu kuikumbuka. Hata hivyo, kila kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nayo imefunguliwa njia yake yote ya hewa, huvuta hewa inayokaribia lita 3,000 katika dakika hiyo moja. Aliyewahi kukimbia mbio ndefu hatashangaa kusikia kwamba nguvu ya gari hukoma pale pumzi yake inapokoma.

Tena pumzi zote si sawa. Mwaka 1787 Mfaransa Jacques Charles alichunguza jinsi gesi zinavyotanuka zikipata joto, na mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac akaitangaza kanuni hiyo kwa wataalamu. Hewa iliyopata joto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi. Chombo kile kile huonekana kimejaa, lakini uzito uliomo umepungua. Kwa kanuni hiyo, hewa ya digrii 60 za Sentigredi hupungua uzito kwa karibu sehemu 9 katika 100 ikilinganishwa na hewa ya digrii 30, shinikizo likiwa moja. Silinda hujaa mara zote mbili, ila mara ya pili oksijeni iliyomo ni haba. Gari lipandalo kutoka Mombasa hadi Nairobi hupata upungufu wa namna hii kwa njia nyingine, kwa maana mji huo u juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyembamba. Fundi hawezi kuushusha mlima. Joto la chini ya boneti aweza kulikimbia.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuipa injini hewa baridi. Katika California, vijana wa Marekani walikuwa wakiyafumua magari ya zamani na kuyaunda upya ili yashindane mbio, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha National Hot Rod Association kuyasimamia mashindano yao. Viwanda navyo havikuidharau hekima ya uani. Mwaka 1964 Ford ilitoa gari la mashindano lililoitwa Thunderbolt. Katika taa zake nne za mbele, mbili za ndani ziliondolewa, na katika matundu yake yakapitishwa mabomba ya kupeleka hewa ya nje moja kwa moja kwenye kabureta. Gari lilitoa macho mawili ili lipate pua mbili.

Kazi iliyofanywa na wahandisi wa kiwanda, mtu wa kawaida huifanya nyumbani kwa msumeno wa chuma na tupa. Hutafuta bomba la alumini lenye kipenyo cha inchi 3 hivi, viwiko vya mpira, vibano vya skrubu, na kichujio cha hewa chenye umbo la pia, ambacho mafundi wa gereji hukiita ea klina. Wengine huchukua bomba la plastiki la mafundi wa maji kwa kuwa ni rahisi, wakasahau kuwa bomba lililokusudiwa maji ya baridi hulegea likikaa karibu na moto. Mwenye busara huipima njia kwa kamba kabla ya kukata, kwa maana bomba lililokatwa fupi halirefushwi. Hulainisha kingo kwa tupa, huosha chembe za chuma zisije zikamezwa na silinda, kisha huunganisha na kukaza. Kila ufa uliopo kati ya kichujio na injini ni mlango wa mchanga. Kazi yote huweza kumalizika mchana mmoja.

Shida huanzia mahali pasipotazamiwa. Magari mengi ya siku hizi hutoka kiwandani yakivuta hewa kutoka nyuma ya grili au ndani ya madigadi, yaani hewa ya nje. Mwenye haraka huling'oa sanduku lile la kiwanda, akakiweka kichujio kitupu karibu na injini, penye joto la rejeta na la ekzosi. Kazi yake huitwa ya hewa baridi, naye amekwisha kuitupa hewa baridi aliyokuwa nayo. Lakini akikanyaga mafuta husikia mngurumo ambao hakuusikia kabla, na moyo wake hufurahi. Mngurumo ule ulikuwapo siku zote. Sanduku la kiwanda lilikuwa na vyumba vya kuumeza. Kuuacha utoke hakuongezi nguvu yoyote. Debe tupu haliachi kuvuma, na wahenga waliosema hivyo hawakuwa na magari.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa huja katika sura ya usahihi. Aijuaye kanuni ya Charles huushusha mdomo wa bomba hadi nyuma ya bampa, mbali na joto lote la injini. Wakati wa kiangazi hakuna wa kumlaumu. Masika yakifika, barabara za Dar es Salaam zikajaa maji, mdomo ule huwa wa kwanza kuzama. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Pistoni ipandayo ikiyakuta maji ndani ya silinda hunyimwa njia, na konrodi hupinda au huvunjika kwa pigo moja. Kwa mtu wa starehe hiyo ni hasara. Kwa mwenye teksi ni kodi ya nyumba, karo ya watoto, na mkopo ambao haujalipwa. Baadhi ya magari ya kuwachukua watalii mbugani hufuata shauri lililo kinyume: bomba lao hupandishwa kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, juu ya maji ya mito na mbali na vumbi la magurudumu.

Yapo na madhara yajayo polepole. Kichujio kilicho hafifu hupitisha mchanga pamoja na hewa, na mchanga husaga kuta za silinda. Tena magari mengi yana sensa yenye waya wa moto ipimayo hewa iingiayo, na hesabu yake imewekwa kwa kipenyo cha bomba la asili. Bomba likipanuliwa, hesabu hupotoka, na petroli huingia isivyopasa.

Mambo haya yote hukutana mahali pamoja. Mtu avunjaye kazi ya mwenziwe kabla ya kuuliza kwa nini ilifanywa hivyo hukata hukumu bila ya kumsikiliza shahidi. Magari mengi ya kabureta yalikuwa na bomba la kuvuta hewa ya moto kutoka kando ya ekzosi. Mtu wa pwani angeweza kumcheka aliyelitengeneza. Huyo alizifikiria asubuhi za baridi kali, ambapo barafu huganda katika kabureta na petroli hukawia kugeuka mvuke. Lililokuwa upumbavu Tanga lilikuwa hekima katika Ulaya ya kaskazini. Haifuati kwamba kazi ya kiwanda haifai kuguswa. Kiwanda hutengeneza gari kwa barabara zote za dunia, na mwenye gari huijua moja aipitayo yeye. Ana haki ya kurekebisha, iwapo kwanza ameelewa.

Basi atakaye kujua kama amefaulu asiliulize sikio lake. Aweke kipimajoto ndani ya bomba karibu na injini, aendeshe njia ile ile kwa mwendo ule ule, mara moja kwa sanduku la zamani na mara moja kwa bomba jipya. Kisha apande kilima kimoja, na mwenziwe kando ashike saa. Aghalabu tofauti itakuwa ndogo, na pengine haitakuwapo. Ikiwa hivyo, alirudishe sanduku mahali pake bila ya haya. Mchana wake haukupotea: ameifuata pumzi ya gari lake tangu mdomoni hadi kwenye silinda, na siku ya mvua kubwa, atakaposimama mbele ya barabara iliyofurika, atajua maji yakifika wapi yampasa kugeuza gari.