Gari Linapokosa Pumzi

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba injini ya gari ni shauri la wanaume. Tunajua kuwasha jiko la mkaa, kupima homa ya mtoto, na kumtambua mgonjwa aliyezidiwa kwa kumtazama tu. Lakini gari likigoma, tunashuka, tunasimama chini ya mwembe na kusubiri. Sisi wa Kitete, hapa Tabora, tumeona kwamba kusubiri huko kuna gharama yake.

Mji wetu ni mji wa safari tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji. Siku hizi barabara kuu zina lami, lakini ukiziacha na kuingia vijijini, wakati wa kiangazi ni vumbi na mashimo. Katika njia hizo kikundi chetu cha akina mama wa kanisa huenda na gari la dizeli lenye turbo, kuwapima wajawazito na kuwatembelea wagonjwa.

Jioni moja tulikuwa tukirudi na mjamzito wa miezi minane. Uso ulikuwa umevimba, kichwa kilimuuma sana, macho yaliona ukungu, na presha ilikuwa juu. Mama wa namna hiyo anaweza kupata kifafa cha mimba wakati wowote. Mara tukasikia mlio kama wa filimbi, gari likakosa nguvu, na moshi mweusi ukatanda nyuma yetu.

“Mama zangu, huu ni mpira wa hewa umechomoka,” alisema dereva, akazima injini na kuinua kiti cha mbele. Tulimlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, mmoja wetu akabaki naye, wengine tukashika tochi.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi ndani ili dizeli iungue vizuri. Mpira ukichomoka, hewa huvuja, dizeli haiungui yote, na gari halivuti. Sisi wauguzi hatukuhitaji maelezo marefu: ni sawa na mpira wa oksijeni uliochomoka. Mtungi umejaa, lakini mgonjwa anatweta.

Kwanza tuliacha injini ipoe kidogo, maana turbo huwa ya moto kiasi cha kuunguza vibaya. Kisha dereva alifuta mafuta kwenye mdomo wa bomba na ndani ya mpira kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mpira wenye mafuta huteleza tena. Akausukuma mpaka mwisho, akaweka kibano chake mahali pake, akakaza kwa bisibisi. Si kwa nguvu zote, maana kibano kikizidi kukazwa hukata mpira. Dakika 20 zilitosha. Usiku ule mama yule alifika hospitali kabla ya kifafa kumpata, na akajifungua salama.

Tangu hapo, kabla ya kila safari, injini ikiwa baridi, tunashika mpira mmoja mmoja na kuutikisa. Ule ulio kati ya chujio la hewa na turbo tunauangalia zaidi, kwani ukilegea gari hunyonya vumbi lisilochujwa, na vumbi hula turbo na injini. Bisibisi, kibano cha akiba na tochi hukaa katika sanduku moja na kipimo cha presha.

Dada mpendwa, mwombe mumeo au dereva akuonyeshe mipira hiyo. Na ukiwa mjamzito ukaona uvimbe wa uso, maumivu makali ya kichwa au ukungu machoni, usisubiri jioni. Nenda hospitali mchana, gari na barabara vikiwa bado upande wako.