Losheni ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana miaka 10 na alizaliwa na ualbino. Kwetu Rumonge watu humwita nyamweru, kwa Kirundi. Nilipomaliza mwaka wa kwanza chuoni Bujumbura, nilirudi likizo nikijiona msomi. Nikachukua chupa yake ya losheni ya jua, nikasoma viambato vyake, nikakuta jina la oksibenzoni. Nilikuwa nimesoma kwamba kemikali hiyo hupenya ngozi na kuingia katika damu.

"Mama, hii ni sumu kwa mtoto," nilimwambia.

Mama hakubishana. Yeye aliishia shule ya msingi, mimi ndiye niliyepelekwa chuo. Akaiweka chupa juu ya kabati.

Wiki ya pili mdogo wangu alishinda ufukweni akimsaidia shangazi kuanika ndagala. Rumonge iko karibu digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupiga utosini, na maji ya Tanganyika hulirudisha usoni. Jioni shingo na masikio yake yalikuwa mekundu. Usiku yakatoka malengelenge. Hakulala. Mama alimpepea kwa kanga hadi alfajiri, wala hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nikasoma tena, safari hii hadi mwisho. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza viambato 2 tu, zinki oksidi na titani dioksidi, vihesabiwe kuwa salama, na ikataka utafiti zaidi kwa vingine 12, oksibenzoni ikiwemo. Tafiti zake za mwaka 2019 na 2020 zilionyesha kwamba baadhi ya viambato hivyo huingia katika damu. Lakini watafiti hao hao waliandika kwamba matokeo yao hayamaanishi watu waache kujipaka. Sentensi hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiruka.

Kwa mtoto wetu mizani ni nyingine kabisa. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kumkinga. Madhara ya oksibenzoni bado yanachunguzwa, lakini saratani ya ngozi inajulikana: ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mapema vya watu wenye ualbino barani Afrika. Ndiyo maana jirani zetu wa Tanzania, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hutengeneza losheni iitwayo Kilisun mahsusi kwa ajili yao.

Sasa tuna utaratibu. Kwanza kofia pana, mikono mirefu na kivuli. Ndagala anazichambua chini ya mti, kuanika ni kazi yangu. Losheni yenye zinki ikipatikana, tunainunua, maana hiyo haina shaka hiyo. Isipopatikana, anapakwa ile ya zamani. Hatoki bila kitu.

Likizo iliyopita nilileta chupa mpya. Mama aliipokea, akaigeuza, akanitazama.

"Mwanangu, hii umesoma hadi mwisho?"

Nikamjibu kwamba nimesoma. Kisha nikakaa naye mkekani, nikamsomea kila neno lililoandikwa, ili siku nyingine asilazimike kuniamini tu.