Ukucha Chini ya Shingo

Mwezi uliopita tulimzika fundi aliyenifundisha kazi. Matangani mtu mmoja, simtaji, alisimama akajiita mwanafunzi wake wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Nililelewa na bibi, Shinyanga. Darasa la saba nikamaliza, sikuchaguliwa, basi. Mwaka 1983, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, nikaingia kibandani kwa Mzee, fundi huyo wa baiskeli, nyuma ya soko. Baiskeli mpya madukani ilikuwa hadithi. Mkulima akishauza pamba alitafuta Raleigh au Phoenix iliyotumika, akaja nayo kwetu ikaguliwe kabla hajatoa pesa.

Mzee hakutazama rangi. Aliipindua baiskeli matairi juu, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mabomba mawili, upande wa chini, pale yanapoingia shingoni. Baiskeli iliyogonga ukuta au ng'ombe hujikunja hapo, mkunjo mdogo kama wa shuka. Rangi mpya huuficha machoni, lakini ukucha haudanganyiki. Kisha uzi: aliufunga nyuma panapokaa ekseli, akauzungusha shingoni, akaurudisha upande wa pili, akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti. Kulia na kushoto visipolingana, fremu imepinda. Mengine, spoki 32 za mbele na 40 za nyuma, gololi, cheni, aliyaita ya kununulika.

Mwenzangu, huyo aliyejiita wa kwanza, alikuwa na njia yake. Fremu yenye mkunjo aliikata, akaingiza kipande cha bomba ndani, akachomelea kwa shaba, akaipiga tupa mpaka ikalainika, rangi nyeusi, mistari ya dhahabu. Mteja akaambiwa haijawahi kuanguka. Tuligombana mpaka tukarushiana spana. Nilisema, na leo nasema: fremu iliyokunjika ikatwe iwe miguu ya meza! Na ninyi vijana mnaonunua baiskeli kwa picha ya simu, ukucha mtaupitisha wapi?

Nilimtaka Mzee aamue. Akaishika ile fremu, akaigeuzageuza. "Shaba yake safi," akasema. "Ulimi wake ndio mchafu." Mimi nilitaka aseme vyote vichafu. Nikanuna wiki nzima, na sijui kama nimemaliza.

Siku ya matanga, baiskeli za waombolezaji zilikuwa zimeegeshwa ukutani. Moja niliijua kabla sijaifikia: Raleigh nyeusi, mistari ya dhahabu imebaki vipande, keria imebonyea kwa miaka ya magunia. Nikatazama huku na huku. Nikainama, nikapitisha ukucha.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema nyuma yangu. "Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna," nikamjibu, nikalibonyeza tairi. "Naangalia upepo tu."