Kutoka Nkoma kulifuata wingu hadi Lamadi

Mkazi wa Nkoma akiaga kwamba Jumamosi anakwenda kupiga picha za ufukweni, jirani zake wana haki ya kucheka. Nkoma iko wilayani Itilima, katika nchi ya pamba na ng'ombe, na Bahari ya Hindi iko upande wa pili wa Tanzania. Lakini Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, una kipande chake cha Ziwa Victoria upande wa Busega, na anayependa picha za mawingu mazito na maji yenye hasira hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Njia yenyewe ni rahisi. Bodaboda au gari dogo hadi Bariadi mjini, kisha lami ya kama kilomita 70 hadi Lamadi, penye njia panda ya barabara ya Mwanza na Musoma. Si safari ya kumuuza mbuzi. Baba, mama na watoto wanaweza kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili, na nyumba za wageni hazikosekani, kwa kuwa lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani. Watalii wengi hupita hapo wakiwakimbilia simba, wala hawageuzi shingo kulitazama ziwa. Wanaacha nusu ya uzuri barabarani.

Maji ya Lamadi ni Ghuba ya Speke, mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu kuelekea mashariki. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kusini mwa ghuba, akaiunganisha boti yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akalizunguka ziwa lote, na ghuba akaipa jina la mwenzake. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, na hawakuwa wakingoja mgeni awaonyeshe maji yao. Kwa mwenye kamera jambo kubwa ni hili: Lamadi imekaa mwisho wa ghuba upande wa mashariki, kwa hiyo anayesimama ufukweni anatazama magharibi na jua linazama mbele yake, majini.

Majabali hapo si mengi. Kuna mchanga, matete na mafunjo. Anayetaka miamba ya kutisha apande basi la Mwanza, mwendo wa saa mbili hivi. Huko mawe ya matale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yamebebana juu ya maji kana kwamba mtu aliyapanga akachoka. Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, limepigwa picha na kila mtu. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kina mawe ambayo hayajachosha macho bado, na mijusi wenye vichwa vyekundu waliojianika juu yake kama wenye nyumba.

Ila picha ya ziwa hili ni ya mbingu kwanza, jiwe baadaye. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yake hupanda, upepo kutoka ziwani huingia kujaza nafasi, na alasiri mawingu marundo hujijenga juu ya mashamba. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, upepo huelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati ya maji na kupanda, na radi hupiga huko hadi karibu na alfajiri. Ndiyo sababu mtu wa Nkoma huona mvua ikitengenezwa jioni kwake, na aliyelala Lamadi akaona umeme ukichezacheza ng'ambo saa nane za usiku.

Mawingu hayo hayaangaliwi kwa jicho moja. Mkulima wa Nkoma mwezi Novemba akiona weusi unapanda hutafuta mbegu za pamba. Wingu hilohilo mwezi Juni, pamba ikiwa imepasuka shambani, humkosesha usingizi. Ufukweni mama aliyeanika dagaa mchangani tangu asubuhi hulitazama kwa hofu zaidi, kwa sababu dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka hushuka bei, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Mgeni anayeruka kwa furaha na simu yake wakati mama huyo anakusanya dagaa mbiombio amekosa adabu, hata kama picha yake ni nzuri. Aanze na mwangaluka, aweke simu mfukoni, ashike ncha moja ya turubai. Ruhusa ya kupiga picha huja yenyewe baadaye, mara nyingi pamoja na mzaha.

Na wingu huua. Dhoruba za usiku za ziwa hili huzamisha wavuvi kila mwaka, na radi haichagui mwenye kamera. Hesabu yake ni nyepesi: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Muda kati ya mwanga na ngurumo ukipungua chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi. Watoto waondolewe ufukweni, stendi ya chuma ikunjwe, na watu waingie kwenye nyumba imara au gari la bati lililofungwa vioo. Chini ya mti si mahali pa kujificha. Watoto wasichezee kwenye matete pia, viboko na mamba wana makazi humo.

Kuhusu vifaa, simu ya kawaida inatosha kuanzia. Kidole kiguse sehemu angavu ya wingu, kisha mwanga upunguzwe, la sivyo mbingu itatoka nyeupe kama karatasi. Radi hunaswa kwa video, picha ikachaguliwa baadaye. Mwenye droni aombe kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Jua huzama karibu na saa 12:45 jioni, na kwa kuwa ni karibu na ikweta, rangi hazikai. Baada ya nusu saa ni giza.

Usiku usio na mwezi, ikiwa ghuba imetulia, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na kutoka nchi kavu huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Mwezi mpevu ukiwepo wengi hupumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga kila mahali. Hivyo anayezitaka taa hizo aangalie kalenda kabla hajalipa nauli.

Jumapili, gari la kurudi la alasiri ni bora kuliko la asubuhi. Jua linakuwa nyuma, mawingu ya Itilima yanapanda mbele, na mwanga wote unayapiga usoni. Kiti cha mbele, karibu na dereva, huwahiwa mapema.