Herufi Zilizoliwa na Mchwa

Kupanga nota za wimbo kwa kompyuta ni kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa nyepesi, kwa kuwa mashine haichoki, mkono wake hautetemeki, wala wino wake hauchuruziki. Ukurasa utokao katika mashine hunyooka kama reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Lakini unyofu wa ukurasa ni jambo moja, na ukweli wa wimbo ni jambo la pili. Kosa lililoandikwa kwa kalamu hushukiwa mara lionekanapo. Kosa lililopigwa chapa hupokewa kwa heshima. Kwaya moja ya mjini Tabora iliyajua haya baada ya kuimba wimbo mmoja vibaya kwa muda wa majuma matatu, tena kwa furaha, pasipo mtu hata mmoja kugombana na karatasi yake.

Wimbo wenyewe ulitoka katika daftari la mwalimu aliyekwisha kufariki dunia. Kwa miaka mingi mwalimu huyo alikuwa ameandika humo nyimbo alizozitunga na nyingine alizozipokea kwa walimu wenziwe. Alipokufa, daftari liliachwa katika sanduku la bati lililotoboka kwa kutu, na sanduku likaachwa juu ya sakafu ya udongo. Na mchwa wa Unyamwezi hawangoji kukaribishwa. Kijana aliyepewa kuifundisha kwaya baada yake alilifungua sanduku, akaona vijia vya udongo vinapita katika kurasa, akaingiwa na hofu. Aliazimia kuzihamisha nyimbo zote katika kompyuta kabla wadudu hawajamaliza chakula chao.

Hofu yake haikuwa ya kitoto. Tabora ni njia panda ya kale, na katika njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, nyimbo zilisafiri kwa vinywa. Kirangozi alitangulia, akatoa sauti, na wapagazi wa Kinyamwezi wakaipokea huku mizigo ikiwalemea mabegani. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857, na Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872; shajara zao zimehifadhiwa, na nyumba ya Kwihara ina makumbusho. Mizigo imeandikwa kwa hesabu ya shanga na nguo. Nyimbo za wale waliochukua mizigo hiyo kwa sehemu kubwa zimekwenda pamoja nao, na miembe ya njiani haisemi.

Daftari la mwalimu liliandikwa kwa solfa, na msomaji asiyeijua solfa na avumilie kidogo, kwani bila ya kuijua hawezi kuona mahali ajali ilipotokea. Mbinu hii ya herufi ilianzishwa na mwanamke wa Kiingereza, Sarah Glover, kisha ikatengenezwa na kuenezwa na John Curwen aliyeishi tangu 1816 mpaka 1880. Haihitaji mistari mitano. Herufi saba, d, r, m, f, s, l, t, hutosha; nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hulikata pigo nusu, kistari huirefusha sauti, na alama ndogo kando ya herufi huipeleka juu au chini. Daftari la shule na kalamu ya risasi ni mtaji kamili. Ndiyo sababu solfa ilipendwa sana katika shule na misheni za Afrika. Enoch Sontonga, ambaye wimbo wake wa mwaka 1897 ndio asili ya wimbo wa taifa la Tanzania, alikuwa mtu wa solfa na wa daftari.

Jambo kubwa katika solfa ni kwamba d haina nyumba ya kudumu. Juu ya wimbo huandikwa, kwa mfano, ya kuwa doh ni G, na sauti zote nyingine hupata mahali pao kwa kuitazama doh hiyo. Wimbo unapohama na kuifanya sauti nyingine kuwa doh, mwandishi huweka herufi mbili mahali pamoja, ndogo ikitangulia kubwa. Ndogo ni jina la kale la sauti ile, na kubwa ni jina lake jipya. Basi s ndogo mbele ya d kubwa humwambia mwimbaji: shika sauti ile ile uliyokuwa ukiiita s, lakini tangu sasa uiite d. Ni daraja. Herufi hii ndogo ikikosekana, mwimbaji huanguka mtoni.

Kijana alichagua programu ya MuseScore, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka 2002, nayo hutolewa bure. Fadhila hii si ndogo kwa mwalimu wa kwaya ambaye mshahara wake ni shukrani. Siku za kwanza zilikuwa za taabu ndogo ndogo. Umeme ulikatika, na kazi ya saa mbili ikapotea, akajifunza kuihifadhi kila baada ya mstari. Karatasi ilikuwa imepangwa kwa kipimo cha Kimarekani, na mashine ya kuchapa ikiwa na A4, mstari wa besi ukasogea ukingoni. Sauti ya tatu ilisikika juu ya ile ya kwanza, kumbe alama ya mwanzo wa mistari ya wanaume ilikosa tarakimu 8 chini yake, ambayo huishusha sauti kwa oktava nzima. Haya yote hutengenezwa kwa dakika chache na mtu aliyekwisha kuyaona mara moja.

Taabu za lugha zilikuwa nzito zaidi. Kompyuta haijui Kiswahili. Hujua nafasi na kistari tu. Kistari kikipigwa, silabi ifuatayo huenda chini ya nota ifuatayo, na mtu akibandika neno zima bila ya kulikata, neno zima hukaa chini ya nota moja kama abiria wote wamesongamana katika kiti kimoja. Basi ni juu ya mpangaji kujua ya kuwa mtu ni silabi mbili na hustahili nota mbili, m moja na tu moja; ya kuwa mwana pia ni silabi mbili, lakini m yake haisimami peke yake; ya kuwa nchi huanza na n yenye pigo lake. Mbingu hukatwa mbi na ngu. Anayeikata mbin na gu amewasikiliza Waingereza. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na mwimbaji huishikilia irabu hiyo kinywa kikiwa wazi. Akipewa mbin, huufumba mdomo kabla ya wakati, na sauti hufa puani.

Kulikuwa na kichekesho cha alama ya ng'ombe. Kijana alipenda kuandika solfa chini ya nota, ili wazee wasioisoma mistari mitano wasiachwe nyuma. Kumbe alama ile ile iandikwayo katika ng' ndiyo aliyoitumia kuonyesha d ya juu. Alipoiamuru kompyuta iziondoe alama zote za namna hiyo ili aweke nzuri zaidi, ng'ombe wote wa wimbo wakageuka ngombe, neno ambalo halimo katika kamusi wala katika zizi.

Kisha likaja suala la pigo la utangulizi. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: amani hutamkwa kwa kuikaza ma. Kinyamwezi hupambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa toni, nacho kina shida zake za peke yake mbele ya muziki wa mistari mitano. Lakini wimbo huu ulikuwa wa Kiswahili. Mwalimu marehemu aliiweka a katika pigo dhaifu kabla ya mstari wa wima, na ma baada yake, mahali penye nguvu. Programu huanza na kipande kilichojaa mapigo yote, na mtu asipokipunguza kipande cha kwanza, wimbo wote husogea kwa pigo moja, na mkazo wa kila neno huangukia mahali pasipo pake. Nota zote ni sahihi, na maneno yote ni sahihi, lakini kinachosikika ni Kiswahili cha mgeni aliyeshuka melini jana. Kosa hili kijana alilitambua mwenyewe kwa sikio, akajisifu moyoni, na sifa hizo zikamlegeza.

Hapo ndipo ilipotokea ajali. Katika ukurasa wa wimbo ule mchwa walikuwa wamepita wima, toka sauti ya kwanza mpaka ya nne. Njia yao ilizichukua herufi ndogo nne za daraja, ikaziacha kubwa. Jina jipya la doh, lililokuwa juu yake, nalo lilikwenda. Kijana aliona d akaandika d ya kwanza, ile ya G. Kompyuta ilitii. Ilimpigia wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, na sauti nne zilipatana kabisa, kwa sababu zote nne zilikuwa zimepotea pamoja, kwa kadiri moja. Mashine haina namna ya kulijua kosa la jinsi hii. Walioanguka ni watu wa besi: mahali pale waliguna chini sana, na kijana akawalaumu kwa uvivu wa mazoezi. Lawama hiyo ndiyo sehemu ya habari hii isiyopendeza, kwa kuwa walikuwa wakiimba kwa uaminifu kile walichopewa.

Bibi mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili tangu ujana wake, alikuwa Urambo kwa wajukuu kwa majuma hayo matatu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata aliporudi hakupewa karatasi. Wimbo ulipofika kwenye kiungo, yeye alibaki juu peke yake, kwaya nzima ikiwa chini yake, na watu wakageuka kumtazama. Alinyamaza mpaka walipokwisha.

"Mjukuu wangu," alisema, "hapa tulikuwa hatushuki. Nani amewashusha?"

"Shikamoo, bibi. Karatasi ndivyo isemavyo."

"Marahaba. Na karatasi hiyo umri wake miaka mingapi?"

Watu walicheka, lakini kijana hakucheka. Alimwomba bibi aimbe peke yake toka ubeti wa kwanza, akazifuata nota kwa kidole. Bibi aliimba r, kisha akaishika sauti ile ile na kuendelea nayo kana kwamba ni s. Kijana alipiga hesabu: kama r ya kale ni s mpya, basi s ya kale ni d mpya, na doh imehama kutoka G kwenda D. Wimbo uliporomoshwa kwa sauti tano. Alirudi kwenye daftari na kulitazama lile pengo juani, akaona katika ukingo wa tundu mkia wa herufi moja iliyosalia.

Kusahihisha nako kulikuwa na mtego. Alipoweka alama mpya ya makao ya D mbele ya sehemu ile, programu haikuzihamisha nota. Ilizifuatanisha na alama za kubatilisha, ukurasa ukajaa vijialama kama shamba lililoota magugu. Kubadili alama ni kazi moja na kuhamisha nota ni kazi nyingine. Ilimpasa kuichagua sehemu yote kwa sauti zote nne, kuipandisha kwa nafasi tano, kisha kuirudisha doh nyumbani G mwishoni. Vijialama vilitoweka, na besi wakapata sauti yao. Aliwaomba radhi mbele ya wote.

Wachapaji wa kale waliujua wasiwasi wa namna hii. Ottaviano Petrucci alipochapa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo huko Venice mwaka 1501, karatasi ilipita mashinini zaidi ya mara moja, mistari kwanza, na kupotoka kwa unywele mmoja kulitosha kuipeleka nota kwenye mstari wa jirani. Na chombo cha leo nacho hakidumu: mwezi wa Agosti 2024 wenye programu ya Finale, iliyotoka mwaka 1988, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Kijana alipoisikia habari hiyo alizitoa nyimbo zake zote nakala ya pili katika muundo wa MusicXML, unaoweza kusomwa na programu nyingi, na nakala ya tatu kwenye karatasi.

Katika nakala za karatasi aliongeza kwa mkono herufi ndogo nne za daraja, kwa kalamu ya risasi, moja kwa kila sauti. Daftari lilifungwa katika kitambaa pamoja na majani ya mwarobaini na kuwekwa juu ya kabati. Kabla ya kufungwa, bibi aliomba asomewe majina ya nyimbo zilizosalia. Ilipotajwa ya tisa alimzuia msomaji, akasema hiyo nayo isichapwe mpaka aimbe kwanza.