Usiku wa Jumamosi ni Upi?

Kila mwaka chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili hufanya ziara ya siku mbili au tatu katika mji mmojawapo wa Afrika Mashariki. Ratiba ya ziara hizo aghalabu hutawaliwa na mchana: makumbusho, magofu, mhadhara wa msomi mwenyeji, picha ya pamoja, kisha chakula. Usiku huachwa ulivyo, kila mtu akajitafutie. Mwaka uliopita, tulipoazimia kwenda Mombasa, wanachama walishikilia kwamba usiku nao una haki ya kupangiwa. Ikaundwa kamati ndogo yenye jina refu, Burudani za Usiku na Michezo ya Wenyeji, nami nikateuliwa katibu wake. Wasafiri tulikuwa 24, wasichana 14 na wavulana 10. Nia yangu katika makala haya ni kueleza mambo yaliyotukabili tulipokuwa tukipanga, kwa kuwa naona yanamhusu mwanafunzi wa lugha kuliko anavyoweza kudhani.

Matata yalianzia katika jina la kamati yenyewe. Mwenyekiti alichora safu mbili ubaoni, moja ya burudani, nyingine ya michezo, akatutaka tuzijaze. Lakini Kiswahili hakikutuachia mpaka huo. Mpira huchezwa, ngoma huchezwa, bao na karata huchezwa, na hata harusini watu hucheza. Wenyeji wa Mombasa, katika Kimvita chao, huyakusanya yote hayo katika kitenzi kimoja, kuteza. Mathalani, kirumbizi tungekiweka wapi? Wanaume wawili huingia uwanjani kwa bakora, mmoja akishambulia na mwingine akikinga, huku ngoma na zumari zikilia na watazamaji wamewazunguka. Anayesema huo si mchezo wa viungo hajawahi kukinga bakora. Anayesema si ngoma hajaisikia zumari. Nililiuliza swali hilo kikaoni. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akaongeza safu ya tatu: "Mengineyo".

Mzozo wa kweli ulizuka kuhusu Mtwapa. Asiyeujua mji huo na aambiwe kwamba uko kaskazini mwa Mombasa, ng'ambo ya hori, tayari katika Kaunti ya Kilifi, na kwamba una sifa ya kutolala. Wenzetu kadhaa walitaka usiku wote wawili tuupeleke huko. Hoja yao haikuwa dhaifu: sisi ni vijana, tumelipa nauli kwa jasho letu, na haifai kumpeleka mtu pwani kisha umlaze saa tatu kama mtoto wa chekechea. Upande wa pili walikuwapo wasiotumia kileo kwa sababu ya dini, wasiokitumia kwa hiari yao, na wale ambao mfuko wao ungekuwa umekauka mara tu baada ya kukata tikiti. Kiingilio, vinywaji na nauli ya kurejea kisiwani alfajiri ni mambo matatu yanayolipiwa mbalimbali, na mpangaji wa safari ya kikundi hana budi kuyajumlisha kabla ya kuita mahali fulani pa bei nafuu.

Maneno yalikuwa yameanza kuwa makali, mtu akimwita mwenzake mshamba na huyo naye akimjibu kwa neno nisiloweza kuliandika hapa, ndipo mwanachama mmoja, msichana wa mwaka wa pili asiyezoea kusema vikaoni, aliponyanyua mkono. Aliuliza hivi: "Saa tisa za usiku mmoja wetu akichoka na kutaka kurudi, atarudi na nani?" Kimya kikatanda. Kati ya wavulana waliokuwa wakiitetea Mtwapa hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulazimika kuliuliza. Kutokana na swali hilo tulipata kanuni mbili. Kwanza, fedha za chama zingelipia tu shughuli ambayo wote 24 wangeweza kuihudhuria bila kuvunja dini yao, ahadi waliyowapa wazazi wao au bajeti yao. Pili, yeyote angekuwa huru kwenda kwingine kwa fedha zake, ila hakuna ambaye angeondoka wala kurudi peke yake.

Mimi sina ugomvi na disko. Ninachoshindwa kuona ni faida ya kusafiri kilomita zipatazo 480 kutoka Nairobi ili kusikiliza muziki uleule unaopigwa kando ya bweni letu, kutoka katika vipaza sauti vya namna ileile. Neno tulilonalo kwa jambo hili ni pana kuliko disko. Mswahili husema kukesha, na watu hukesha kwa ngoma, kwa msiba, kwa maulidi na kwa kumuuguza mgonjwa. Swali la mpangaji ni kujua wenyeji wa mji hukesha kwa lipi, na kama mgeni ana nafasi hapo.

Mombasa ina majibu mengi. Jioni watu humiminika ufuoni Mama Ngina, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2019 baada ya ukarabati mkubwa, wakakaa chini ya mibuyu wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu kiasi cha kumwona baharia aliyesimama sitahani. Mji wa Kale nao una kahawa chungu na kashata, na baraza ambazo mazungumzo yake hayamaliziki kabla ya usiku mkubwa. (Baraza hizo ni za wanaume, na wasichana wa kamati hatukuacha kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao.) Hayo yote ni ya bure, au karibu na bure.

Lakini kiu yetu kuu ilikuwa taarabu. Tulikuwa tumeusoma ushairi wa Ahmad Nassir katika *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka 1971, na tulijua kwamba tungo zake nyingi ziliimbwa na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Tulikuwa tumejadili mizani na vina mpaka tukachoka. Tulitaka sasa kusikia taarabu mbele ya watu inaowahusu. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Mombasa alipotusikia tukiuliza tikiti huuzwa wapi, alicheka. Akatueleza kwamba mahali pa kuisikia ni harusini, na harusini hakuna tikiti, kuna mwaliko. Kwa bahati njema, binamu yake alikuwa anaolewa katika wiki ileile ya ziara. Akampigia simu mamake, akakiweka chombo mezani ili sote tusikie.

Baada ya shikamoo na marahaba za watu sita, mama yule alisema: "Ndooni, wanangu, mwakaribishwa. Kupamba ni usiku wa Jumamosi." Katibu wa fedha alikwisha kuandika katika daftari: Jumamosi, saa mbili usiku. Ni bintiye aliyemzuia kalamu. Akauliza, "Mama, wasema usiku wa kuamkia Jumamosi?" Mama akajibu kwa mshangao kidogo, "Usiku wa Jumamosi ni upi mwengine?"

Mpenzi msomaji, hapa naomba tutue. Kwa desturi ya Waswahili, siku mpya huingia jua linapotua. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa, katika kinywa cha mzee wa Mombasa au wa Lamu, ni ule ambao sisi wa bara huuita Alhamisi usiku, na usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa magharibi. Vyombo vya habari huukwepa utata huu kwa kusema "usiku wa kuamkia". Darasani tulikuwa tumefunzwa kusoma saa ya Kiswahili, ile inayohesabu saa moja baada ya macheo na saa moja baada ya machweo. Hatukufunzwa kwamba saa hiyo ina kalenda inayofuatana nayo, na kwamba anayeifuata saa na kuiacha kalenda anaweza kufika harusini siku moja baada ya bibi harusi kuondoka.

Tofauti hiyo ilivuruga safari nzima. Tulikuwa tumepanga kupanda gari moshi la Ijumaa alasiri. Reli hii mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, huwashusha Miritini, nje ya kisiwa, kisha mtu atafute usafiri mwingine wa kuingia mjini. Tungefika shughuli imekwisha. Iliyobaki ilikuwa treni ya asubuhi, inayosimama katika vituo vya njiani, na kuipanda kulimaanisha kukosa mihadhara ya Ijumaa. Tena mwaliko ulikuwa wa wanawake pekee. Je, ilikuwa haki wasichana 14 watangulie na wavulana waachwe? Baadhi yao walilalamika kwamba kanuni yetu ya kwanza ilikuwa imekiukwa. Hesabu ilionyesha kwamba haikukiukwa, kwa kuwa mwaliko haukugharimu chama hata shilingi moja. Hata hivyo nakiri kwamba hoja ya fedha haikumaliza kinyongo. Mhadhiri wetu wa semantiki alitupa ruhusa, akisema kwamba jambo lililotupata lilikuwa somo lake la wiki ile.

Tukatangulia. Sitaeleza mengi ya ukumbini, maana tuliombwa tusipige picha, nami naona ombi hilo linafika hata kwenye kalamu. Nitasema tu kwamba mabuibui yalivuliwa mlangoni, kwamba wapigaji walikuwa wanawake, na kwamba kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya kutuza. Vitabu husema ni kumpa mwimbaji fedha. Nilichokiona kilikuwa namna ya kusema. Mwanamke alinyanyuka ubeti ulipofika mahali fulani, akapita mbele ya meza fulani polepole bila haja ya kupita hapo, akamtuza mwimbaji, akarudi. Waliokaa kwenye meza ile walijua ameambiwa nani. Sisi wageni tulijua tu kwamba kuna aliyeambiwa. Mwalimu anapouliza darasani nani msemaji katika shairi, sasa huwa nasita: mtunzi, mwimbaji, au yule aliyenyanyuka na noti mkononi?

Jumamosi ilikuwa ya michezo. Tulitamani kuitazama Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari, katika uwanja wake wa Mbaraki. Mombasa ina historia yake katika kandanda: Feisal, timu ya mji huo, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, wakati ligi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ila ratiba za ligi hubadilika, na mchezo wetu ulisogezwa siku chache kabla. Kwa hili tulikuwa tumejiandaa. Ziara ilikuwa imeangukia mwezi mwandamo, na mwezi unapoandama huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani hii kupwa kwa bamvua hufika kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ufuo wa umma wa Bamburi ulikuwa mpana na mgumu kama sakafu. Vijana wa pale walitugawa katika timu zao bila kutuuliza majina, wasichana kwa wavulana, na mchezo ukaendelea mpaka bahari ilipoanza kurudi kuchukua kiwanja chake. Hakuna refa aliyepuliza kipenga. Maji ndiyo yaliyotutoa.

Usiku uliofuata, nao ni usiku wa Jumapili kama umenifuata vyema, saba kati yetu walikwenda Mtwapa kwa fedha zao, wakarudi saba. Sisi wengine, baada ya mihogo ya Mama Ngina, tulifikishwa Mji wa Kale kwenye bao. Mzee mmoja aliwasogezea wasichana benchi, jambo ambalo sikulitarajia. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi. Mvulana wetu aliyejigamba kwamba alicheza bao tangu utotoni alifungwa kete zikiwa bado mkononi. Mzee alikuwa akitaja kila anachofanya kwa sauti ya chini. Mtaji, ambao sisi tunaujua kama fedha za kuanzia biashara, pale ni nafasi ya kula kete za mwenzako. Anayeukosa hutakata, yaani huzungusha kete zake bila kula. Niliyaandika maneno hayo kwa tochi ya simu. Mzee aliniuliza nayaandika kwa nini, ilhali ningeweza kukaa nikacheza. Nikakaa, nikafungwa haraka kuliko mvulana wetu.

Tukiwa ndani ya treni ya kurudi, wavulana walitaka kujua yaliyoimbwa ukumbini. Tuliwatajia mahadhi, hatukuwatajia meza. Ratiba ya mwaka huu, ya kwenda Lamu, imekwisha kusambazwa kwa wanachama. Safu zimefutwa, na kila usiku umeandikwa "kuamkia". Kirumbizi kimepangiwa saa kumi alasiri, na katika nafasi ya maelezo mwenyekiti ameweka alama ya kuuliza.